Kuandaa Kambi ya Porini kwa Likizo ya Juni, Usambara Mashariki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Masika yakianza kulegea, walimu, walezi wa vikundi vya vijana na wazazi wa Tanga mjini, Muheza na Korogwe huanza kutuuliza habari za kambi. Majibu haya tumewaandikia wale wanaoandaa kambi ya watoto wa miaka 10 hadi 16, ya siku tano mpaka saba, katika msitu wa Amani au vijiji vinavyopakana nao. Jambo tunalolisisitiza kuliko yote ni hili: kazi nzito imalizike kabla gari la watoto halijapanda mlima. Kiongozi anayeshinda akishona hema au akihangaika na maji hawezi kumwona mtoto aliyejitenga pembeni, na mtoto wa pembeni ndiye anayetuhitaji.

Kwa nini Juni? Desemba si ndiyo likizo ndefu?

Shule nyingi hufungwa mapema Juni na kufunguliwa mwanzoni mwa Julai. Wakati huo masika yaliyoanza Machi yameshapungua nguvu, kipupwe kimeingia, na ardhi imeanza kukauka. Lakini Amani haina mwezi usio na mvua kabisa. Mlima hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu upepo wenye unyevu kutoka baharini hukutana na milima hii kwanza na kuumwaga unyevu wake papo hapo. Basi jiandaeni kwa manyunyu, na jua likitoka mshukuru. Desemba inawezekana, ila mvua za vuli zinaweza kuendelea hadi karibu na sikukuu, barabara ya kupanda huteleza vibaya, na familia nyingi huwa na safari zao.

Mbona msituni? Si bora tuwapeleke ufukweni Pangani, au Saadani wakaone wanyama?

Ufukwe watoto wa Tanga wanaujua tangu wadogo. Saadani ni hifadhi ya taifa yenye tembo na simba, na kuwalaza watoto wengi kwenye mahema huko kunataka askari wa wanyamapori na uzoefu mkubwa. Si pa kuanzia.

Amani hakuna tembo wala simba. Kuna mbega, kima, hondohondo wanaopiga kelele asubuhi, vinyonga wa aina kadhaa, na mimea ambayo mingine haioti popote duniani nje ya milima hii. Ua la Saintpaulia linalopambia madirisha ya Ulaya lina asili yake hapa. Limeitwa hivyo kwa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyepeleka mbegu zake kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na mimea, na miti waliyoileta kutoka mabara mengine ingali imesimama kwenye bustani. Hifadhi ya mazingira asilia ilitangazwa mwaka 1997, ikiwa na zaidi ya hekta 8,000.

Kuna sababu nyingine ambayo kwetu ndiyo kubwa. Maji ya Mto Zigi yanatoka huku, yanateremka hadi bwawa la Mabayani, na Jiji la Tanga linayategemea. Mtoto wa Ngamiani au Chumbageni amekunywa maji ya mlima huu maisha yake yote bila kuuona msitu unaoyatoa. Akishasimama kando ya mkondo wenyewe na kuugusa, hahitaji tena hotuba ya kumwambia kwa nini miti isikatwe.

Ruhusa tuombe wapi?

Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Mwoneni mhifadhi wa Amani mapema, kwa barua, mkieleza idadi ya watoto, tarehe, mahali pa kulala na njia mnazotaka kupita. Ada hubadilika, kwa hiyo muulizeni yeye kabla ya kuwatajia wazazi kiasi cha mchango. Ulizeni pia habari za waongoza watalii wa vijijini. Msiingie msituni na watoto bila mmoja wao hata kama mnadhani njia mnaijua.

Mkilala nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya kijiji au uwanja wa shule, nendeni kwa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Nendeni wenyewe, mkae, mzungumze. Barua peke yake haitoshi. Siku gari likikwama saa mbili usiku, watakaokuja na kamba na majembe ni wanakijiji hao hao. Mjulisheni pia afisa ustawi wa jamii wa wilaya kwamba kuna kundi la watoto waliotoka kwao, na kila mzazi asaini fomu ya ridhaa.

Tuanze lini, na tuanze na nini?

Anzeni Aprili, mvua inaponyesha. Wengi huenda kukagua eneo mwishoni mwa Mei, wakakuta majani mabichi na ardhi ngumu, wakaridhika. Ukienda Aprili, mvua inakuonyesha yote: maji yanapita wapi, bonde lipi linageuka kidimbwi, daraja lipi la miti limeoza, gari linakwama kona gani. Weka alama kwenye ramani ya kuchora kwa mkono, kisha rudi Mei ukiwa na mafundi.

Ukaguzi wa kwanza ni wa juu, si wa chini. Inua macho utazame miti. Baada ya masika udongo umelowa, mizizi imelegea, na tawi kavu lililoning'inia linaweza kuanguka usiku hata bila upepo. Mti mfu ulio karibu na mahema usiukate mwenyewe; hamisheni mahema, na kama uko kwenye njia mwambieni mhifadhi. Msiweke hema chini ya mfenesi. Huku mifenesi ni mingi, na fenesi moja linaweza kupita kilo 20.

Ukishamaliza juu, tazama chini. Mahema yakae kwenye mwinuko mdogo wenye mteremko wa wastani. Fyekeni majani, ila msichimbue mizizi, kwa sababu ardhi iliyovuliwa nyasi inakuwa tope kwa mvua moja. Mtaro wa kupitisha maji uchimbwe tu pale ruhusa ipo, nao ufukiwe siku ya kuondoka. Msipange kambi kando ya maji hata kama watoto watapenda. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hata kama isingekuwepo, mto wa mlimani hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, wewe ukiwa kwenye jua.

Mahema yetu yamekaa stoo tangu mwaka jana. Yatafaa?

Yatoeni wiki sita kabla, yasimamisheni yote juani, kila moja, hata lile jipya. Hesabuni vigingi na nguzo. Ingieni ndani mfunge zipu: nukta za mwanga mnazoziona ndipo maji yatakapopita. Mshono uliolegea fundi cherehani ataushona, lakini sindano imetoboa, kwa hiyo pakeni nta au dawa ya kuzuia maji juu ya mshono. Zipu ngumu isuguliwe kwa kipande cha mshumaa. Harufu ya ukungu haiondoki kwa manukato. Osheni kwa maji ya sabuni kidogo, sugueni kwa kitambaa laini, anikeni mpaka pakauke kabisa. Kisha mwagieni hema ndoo tatu za maji, mwacheni mtu ndani.

Kwa kawaida la kuvuja hujulikana hapo. Kama fedha hakuna, turubai moja nzuri lililofungwa juu ya hema bovu, likiacha nafasi ya kiganja kati yake na hema, litawafaa kuliko hema jipya la bei rahisi.

Vyoo vingapi, na vichimbwe wapi?

Choo kimoja kwa watoto 20 ni kiwango cha chini. Sisi tunapenda kiwe kimoja kwa 15, na vya wasichana viwe mbali na vya wavulana. Shimo likae mbali na mkondo kwa zile mita 60, chini ya mteremko ukilinganisha na mahali pa kuchota maji. Chimbeni shimo dogo la majaribio Aprili. Kama maji yanajikusanya humo, sehemu hiyo haifai, kwa sababu kitako cha choo kinatakiwa kiwe walau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini.

Mlango ufungike kwa ndani. Njia iwe na kamba ya kushika gizani. Nje kuwe na dumu la kuning'inia lenye tundu, na sabuni iliyofungwa kwa uzi isipotee. Jivu la jikoni limwagwe shimoni kila jioni. Mtoto akiogopa choo atajizuia, hatakunywa maji ili asiende, na siku ya tatu ataanza kuumwa kichwa na tumbo. Magonjwa mengi ya kambini tunayaanzisha sisi kwa choo kibaya.

Maji ya mlimani si safi?

Yanaonekana safi. Juu kuna mashamba, mifugo na makazi, hivyo yote yatibiwe. Njia ya uhakika ni kuchemsha mpaka yatokote, dakika moja au zaidi, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Vidonge vya klorini ni vizuri kwa dharura na matembezi. Someni pakiti, maana vipo vya lita moja na vipo vya lita 20, na subirini nusu saa kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa, la sivyo dawa haifanyi kazi yake.

Hesabuni angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, pamoja na kupika, kuoga na kuosha vyombo. Kwa watu 40 hizo ni lita 600, yaani madumu 30 ya lita 20 kila siku. Andikeni nani anayabeba. Mkiacha bila kupanga, yatabebwa na wasichana na kijana mmoja mpole.

Chakula gani, na tupikie nini?

Kuni zisikatwe hifadhini. Njooni na mitungi ya gesi, au nunueni kuni za miti ya kupandwa kutoka kwa wanakijiji, mpikie kwenye jiko banifu. Moto wa jioni uwashwe mahali pamoja palipokubaliwa, pembeni kukiwa na ndoo za maji na mchanga.

Vyakula nunueni huku huku kadiri inavyowezekana. Juni machungwa ya Muheza yanakuwa yameanza kushuka bei, ndizi zipo, maharage yapo, viazi vitamu vipo, na iliki, mdalasini na pilipili manga vinalimwa mlimani hapo hapo. Uji mzito asubuhi, wali na maharage ya nazi mchana, bada (ugali wa muhogo) au ugali wa kawaida kwa dagaa jioni, chai ya iliki kabla ya kulala. Nyama ichinjwe kihalali ili kila mtoto ale bila wasiwasi, na isilazwe bila friji. Mpishi awe mmoja mwenye mamlaka, mwenye kucha fupi, asiyeharisha. Muulizeni wazi wazi kila asubuhi.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Leteni vyakula kwenye ndoo zenye vifuniko. Kima hawezi kuzifungua kirahisi, na panya pia. Takataka zisizooza zirudi nanyi mjini.

Mwanangu ana selimundu (sikoseli). Je, aje? Na wenye pumu au kifafa?

Tunaulizwa swali hili kwa sauti ya chini, mara nyingi mzazi akituita pembeni, na tungependa liulizwe waziwazi. Jibu la kwanza haliwi hapana. Jibu la kwanza ni: daktari wake anasemaje, na sisi tumejiandaa kiasi gani?

Kwa selimundu, adui wakubwa ni baridi, upungufu wa maji mwilini na uchovu. Amani iko takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni ni baridi ya kweli kwa mtoto aliyezoea joto la pwani. Mtoto huyu apewe godoro na mablanketi mawili, soksi na kofia ya kulalia. Aoge maji ya moto, asiingie mtoni. Chupa yake ya maji ijazwe na kiongozi anayejua kwa nini anaijaza. Kwenye matembezi apewe njia fupi pamoja na wenzake wachache, ili asionekane ametengwa. Dawa zake zije na maandishi ya daktari, za siku zote na za ziada. Akipata homa, maumivu makali, kifua kubana au kupumua kwa shida, gari linaondoka wakati huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Kama hamna gari linalolala kambini, basi mwambieni mzazi ukweli kwamba mwaka huu hamwezi kumpokea, na mwaka ujao mlitafute gari.

Mwenye pumu alale mbali na moshi, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, ya pili kwa kiongozi. Mwenye kifafa asikose dozi hata moja, asikaribie maji wala moto bila mtu mzima wa kumfikia kwa mkono. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika tano bila kutulia, ni hospitali. Wafundisheni watoto wote kabla: kifafa hakiambukizi, mate yake hayaambukizi, na rafiki wa kweli hakimbii.

Malaria je? Si mlimani hakuna mbu?

Wapo wachache kuliko bondeni, lakini wapo, na njiani mtapita Muheza. Kila mtoto alale ndani ya chandarua chenye dawa au hema lenye wavu usiotoboka, na jioni avae mikono mirefu.

Wazazi wengi hawajui jambo hili. Tangu mtu aumwe na mbu mwenye malaria hadi augue hupita kwa kawaida siku saba au zaidi. Kwa hiyo mtoto akipata homa siku ya pili ya kambi, amekuja nayo kutoka nyumbani, na apimwe siku hiyo hiyo. Na mtoto aliyeambukizwa kambini ataugua akiwa ameshafika kwenu. Mpeni kila mzazi karatasi yenye sentensi moja: homa yoyote ndani ya wiki nne baada ya kambi, mpeleke akapimwe malaria, na mwambie mhudumu alikuwa Amani.

Nyoka na siafu?

Nyoka wapo. Moma hujilaza kwenye majani makavu na haondoki mtu anapokaribia, ndiyo maana mguu wa mtoto uwe ndani ya buti za mvua au raba ngumu, si kandambili, na usiku kila hatua iwe na tochi. Njia za kwenda chooni na jikoni zifagiliwe kila siku.

Akiumwa: mtulize, mlaze, vua pete, bangili na viatu, funga kiungo kwa mti au ubao kisitikisike, mbebe. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, msiweke jiwe la nyoka, msimpe pombe wala maziwa. Andikeni saa aliyoumwa. Hospitali iliyo karibu yenye uwezo ni Teule, Muheza. Ya rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga. Kabla ya msimu nendeni mkaulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo na usiku mgonjwa hupokelewa wapi. Swali hilo liulizwe Mei, si usiku wa tukio.

Siafu ni jambo la kila msimu. Wakipita, hamhangaiki nao, mnawapisha. Jivu la moto kuzunguka hema husaidia kwa muda, mafuta ya taa msiyamwage msituni. Hakikisheni zipu za mahema zimefungwa hadi chini na kila hema lina kiongozi wa karibu anayesikia mtoto akiita.

Wasichana watalindwaje?

Mahema yao yawe kwao, walezi wao wawe wanawake, wakilala karibu nao. Hakuna mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, awe nani, hata mpishi, hata kiongozi wa dini. Kanuni hii ni kwa watoto wote, maana wavulana nao hudhuriwa na mara nyingi hawasemi. Jina la kila mtu mzima lipelekwe mapema kwa uongozi wa shule au kikundi, na atakayekataa kuulizwa habari zake asije. Watoto wafundishwe siku ya kwanza namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure. Namba ya dharura ya polisi ni 112, na ya zimamoto 114.

Taulo za kike ziwepo za kutosha mahali msichana anapoweza kuchukua bila kumwomba mtu. Wengine hupata hedhi ya kwanza kambini, na mlezi awe amejiandaa kwa maneno pia.

Wanaruhusiwa kuogelea mtoni?

Kwenye mahali palipokaguliwa asubuhi hiyo, na mtu mzima anayeogelea akiwa ndani ya maji, si ukingoni. Maji yakibadilika rangi au kuanza kuleta majani, wote nje. Vidimbwi na maji yaendayo polepole, hasa bondeni, tunavikataa kwa ajili ya kichocho. Pia hatuogi kwa sabuni mtoni.

Mtoto abebe nini? Na simu?

Sweta mbili, koti la mvua, suruali ndefu, soksi za ziada, viatu vilivyofunika, blanketi au mfuko wa kulalia, tochi na betri, sahani, kikombe, mswaki, kanga au kikoi, na dawa zake. Mikoba iwe miepesi. Viatu vipya visije kambini bila kuvaliwa wiki mbili nyumbani.

Simu zibaki nyumbani. Mtandao mlimani hushika mahali na kupotea mahali. Viongozi watafute mapema sehemu inayoshika na waiwekee alama. Mzazi atapokea ujumbe mmoja kila jioni kutoka kwa mlezi. Mtoto akilia usiku wa kwanza kutaka nyumbani, msimpigie mzazi papo hapo. Mpeni chai, mkae naye, mpeni kazi ya asubuhi inayomhusu yeye. Wengi wakifika usiku wa tatu wameshasahau. Asiyetulia hadi hapo, au asiyekula, mzazi aitwe.

Mchana kutwa watafanya nini?

Msijaze ratiba. Asubuhi matembezi na mwongozaji, mchana mapumziko ya kweli, alasiri kazi za mikono: kufunga mafundo, kusoma ramani na dira, kujenga kibanda cha mvua kwa turubai na kamba bila kukata mti. Tembeleeni mkulima wa viungo. Vijiji vya huku pia vilifuga vipepeo na kuuza pupa zao nje ya nchi, hadi usafirishaji wa wanyama hai ulipozuiwa mwaka 2016; ilikuwa kazi iliyowapa watu kipato kwa sababu msitu upo.

Matembezi ya usiku ndiyo tunayoyapenda kuliko yote. Kinyonga akilala hupauka na kukaa ncha ya tawi, na mwanga wa tochi humwonyesha mweupe kati ya majani. Watoto wengi wamefundishwa kumwogopa, kwamba ni mkosi au ana sumu. Hana sumu. Waacheni watazame kwa umbali wa mkono bila kumgusa, wahesabu wangapi wamewaona, wachore asubuhi. Hakuna anayeondoka na kinyonga, ua wala jiwe.

Jua huzama mapema Juni, saa kumi na mbili na robo hivi, na chini ya miti giza huwahi zaidi. Saa kumi na moja kundi lote liwe limerudi na limehesabiwa.

Viongozi wangapi, na wafundishwe nini?

Mtu mzima mmoja kwa watoto wanane, na wawili wa ziada wasio na kundi. Wakutane angalau wikendi moja kambini kabla ya watoto, walale kwenye mahema yale yale, wale chakula kile kile, na wafanye zoezi la usiku: mtoto amepotea, mtoto ameumwa na nyoka, gari haliwaki. Pale ndipo mnajua funguo za gari hukaa mfukoni mwa nani. Huduma ya kwanza wafundishwe na mhudumu wa afya, kwa vitendo. Kiongozi anayewachapa watoto hatufai. Mkataba wake useme hivyo.

Kuna wanaosema kambi ni mambo ya Wazungu. Tuwajibu nini?

Kambi za likizo kwa sura tunayoijua zina historia yake huko. Marekani wanaihesabu tangu 1861, mwalimu Frederick William Gunn wa Connecticut alipowatoa wanafunzi wake kwenda kulala nje. Na skauti ilianza na kambi ya Baden-Powell kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Lakini Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa na jando lao zamani za kale: vijana wanatolewa nyumbani, wanakaa porini na wakubwa, wanafundishwa miti, nyimbo, subira na adabu, wanarudi wakiwa watu wengine. Waalikeni wazee wa kijiji usiku mmoja wa moto. Wana majina ya miti ambayo vitabu vyetu havina.

Zimebaki wiki mbili, na nusu ya mambo haya hatujayafanya. Tuahirishe?

Kama hamna ruhusa ya mhifadhi, maji yaliyopangwa, vyoo, gari la kulala kambini au idadi kamili ya walezi, ndiyo, ahirisheni. Kimoja kikikosekana kinatosha kuahirisha.

Vilivyobaki vinaweza kumaliziwa na watoto wenyewe. Kufagia njia, kufunga kamba ya chooni, kuandika vibao vya majina, kupanga jiko: wapeni siku ya kwanza nzima wafanye, na mtaona wanavyoilinda kambi waliyoisaidia kujenga. Mkiahirisha, waambieni wazazi mara moja kabla hawajanunua sweta na buti, rudisheni michango yote bila kukata, na muombeni mhifadhi tarehe nyingine ndani ya likizo hiyo hiyo, siku tatu tu zikitosha, kwenye uwanja wa shule ya kijijini wenye maji na vyoo tayari.